Ulimi wa Deo na Mboga za Chumvi za Gatumba

Wenzangu mliobaki kwenye chumba cha mimea mikavu, mmeniomba niwaachie maandishi kidogo kabla sijasahau. Nimestaafu juzijuzi tu, na sijasahau kitu. Taabu yangu ni kwamba nakumbuka hata mambo ambayo hamkuuliza. Mlitaka niwaeleze jinsi ya kutambua mimea ya matopeni inayovumilia chumvi. Nitaeleza, lakini mimi siwezi kuutaja mmea bila kumtaja mtu aliyezama tope akiutafuta. Wanaotaka vyeo vyangu wakaulize ofisi ya wafanyakazi, wakimkuta yule bwana mezani pake.

Siku ya kwanza niliingia na koti jeupe ambalo mama yangu alilipiga pasi mtaani kwetu Buyenzi kana kwamba naolewa. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na nilitegemea kupewa hadubini. Mzee Hassan, aliyekuwa mkuu wetu, akanionyesha rundo la magazeti makuukuu lililonifika kiunoni. “Chambua, binti,” akasema, akaondoka. Nikakaa chini, nikachambua kwa mwaka na kwa mwezi, na njiani nikasoma mengi. Aliporudi alitazama marundo yangu yaliyonyooka, akashusha pumzi.

“Nani kakwambia usome?”

Kumbe alitaka nitenge kurasa za mpira na kurasa za matangazo ya zabuni. Mimea tunaikausha ndani ya magazeti, hilo mnalijua. Lakini ukiuweka mmea kwenye ukurasa wa mpira, kesho kuna mtu atafungua kuangalia nani alishinda, na jani litakauka limejikunja kama sikio la mbuzi. Ukurasa wa zabuni hakuna aliyewahi kuufungua kwa hamu. Mpaka leo nikiona tangazo la zabuni ya matofali, mkono unanituma kutafuta mmea.

Mzee Hassan alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa Buyenzi, na alisoma ng'ambo mpaka akarudi na udaktari wa mimea. Kila siku alivaa suti, hata siku za kwenda bwawani, na mwavuli mweusi haukumtoka mkononi, iwe mvua au jua. Mimea aliitaja kwa Kilatini tu, kwa heshima, kama mtu anayetaja wakwe zake. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba jicho linatangulia, mkono unafuata, na ulimi ni wa mwisho kabisa. Mmea wa chumvi utautambua kwa majani manene yaliyojaa maji, na mara nyingi kwa ukoko mweupe kwenye tope lililouzunguka. Ukishajua kwamba si kitu cha kuua, unaweza kugusisha jani kwenye ncha ya ulimi.

“Ncha tu, kisha tema,” alikuwa akisema. “Anayemeza si mtaalamu, ni mteja.”

Kesi ya kwanza niliyopewa peke yangu ilikuwa mtaa wa Kinindo. Ziwa lilikuwa limepanda likaingia bustanini kwa bwana mmoja wa shirika, likaua majani yake yote ya mapambo. Maji yalipoteremka zikaota nyasi fupi, ngumu, za kuchomachoma. Bwana akaamini ni kitu adimu. Akazijengea uzio na kuziwekea mlinzi, na wageni wake wakawa wanapelekwa kuzitazama wakiwa na glasi mkononi. Nilipiga magoti, nikatazama kwa lenzi, nikaona ni zilezile ambazo ng'ombe wa bonde la Rusizi wanazilalia. Nilimwambia kwa upole. Akaniomba nisimwambie mlinzi, maana mlinzi huyo alikuwa anazisalimia kila asubuhi.

Sasa nije Gatumba.

Maji yalikuwa yamekaa muda mrefu kwenye mitaa ile, na yalipoondoka yaliacha tope lenye unga mweupe juu yake. Muhogo haukukubali kuota hapo, lengalenga, yaani mchicha, nayo ikagoma. Kilichoota ni mmea wa kutambaa, wenye shina jekundu na majani manene. Mama Riziki, mama mmoja wa Uvira aliyekuwa akiuza mboga kwenye kisoko karibu na barabara ya mpakani, ndiye wa kwanza kuuchuma. Akaupika, watoto wake wakala wakaomba tena, naye akaanza kuuza mafungu. Sifa ya mboga ile ni kwamba haikuhitaji kutiwa chumvi, na kwa watu waliopoteza kila kitu majini, hiyo ilikuwa sifa kubwa. Kisoko kizima kikawa kinamngoja yeye.

Halafu matumbo yakaanza kuendesha.

Tulikuwa kwenye mwezi wa Ramadhani, jua la mchana, mimi na Mzee Hassan tumefunga, aliposhuka kwenye pikipiki mwenyekiti wa kile kisoko. Watu walimwita Shefu Fideli. Alikuwa mfupi, kifua mbele, na mikononi alibeba sufuria kama anayebeba mtoto wa kubatizwa.

“Ndiyo hii,” akasema. “Muniambie kama ni sumu.”

Nikafunua. Ilikuwa imekaangwa kwa mawese na vitunguu, dagaa wa ziwani, ndagala, wamelala juu yake. Harufu ikaingia mpaka kwenye makabati.

“Shefu,” Mzee Hassan akasema, akiwa ameziba pua kwa adabu, “huu mmea umekaangwa.”

“Nilitaka muione vile watu wanaikula.”

“Mizizi iko wapi? Maua yako wapi?”

“Bibi yangu alitoa. Alisema si tamu.”

Hakuna kitabu duniani kinachofundisha kutambua mmea kwa ladha ya vitunguu. Tukamweleza hivyo. Shefu Fideli akasema yeye hana neno, lakini Jumapili soko likijaa atapiga marufuku ile mboga, na Mama Riziki ataondoka na meza yake. Watu walishaanza kusema mengi. Wengine walisema mboga ameitoa ng'ambo ya mpaka kwa makusudi, na wengine kwamba anainong'oneza kabla ya kuifunga mafungu.

Tulimsindikiza mpaka kwenye pikipiki. Tuliporudi, sufuria ilikuwa tupu, na dereva wetu Deo alikuwa anafuta mdomo.

Deo aliishi mtaa wa Gasenyi. Alikuwa mwembamba kama fimbo ya bendera, na sijawahi kumwona akikataa chakula. “Mzee, nilikuwa naangalia kama ni sumu,” akasema. Kisha akakaa kwenye kiti karibu na dirisha, akafungua vifungo vya shati, akatuomba tumtazame. Tukamtazama. Alichofanya ni kusinzia.

Kesho yake tukaenda Gatumba. Mama Riziki alitupokea amesimama, mikono kiunoni. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvuka mto.

“Munakuja kuniangalia kama mulozi?” akauliza. “Mi nakula hii mboga kila siku. Niangalieni. Nimekonda?”

“La hasha,” akasema Mzee Hassan, kisha akaona haya kwa jinsi alivyolisema haraka.

“Apana, semeni tu. Nimekonda?”

“Mama,” nikaingilia, “tupeleke unapochuma.”

Akatupeleka, akitembea juu ya tope kama juu ya zulia. Mimi kiatu kimoja kilibaki chini na sijui nani anakivaa leo. Mzee Hassan, na suti yake, alikanyaga penye alama ya mguu wa kiboko, akazama mpaka gotini. Alifungua mwavuli, akaendelea kutupa somo la udongo wa chumvi akiwa ndani ya shimo, mpaka Deo alipomaliza kumchimbua.

Mama Riziki akatuonyesha ukingo wa juu, karibu na mto. “Hapa nachuma mi mwenyewe. Wateja walipokuwa wengi, wanawake wengine wakaanza kuniletea za kule chini, kwenye bwawa.” Tukachukua za juu, tukachukua na za chini, tukazilaza pamoja. Shina jekundu, shina jekundu. Jani nene, jani nene. Maua yote yalikuwa yamefumba, kwa sababu jua lilishapita, na mimea ya namna hii inafungua dirisha asubuhi tu. Ilibaki kuonja.

Mzee Hassan akanitazama, nami nikamtazama. Shehe wetu alishatuambia kwamba kuonja bila kumeza kunajuzu ukiwa na haja. Lakini shehe hakuwa amewahi kuonja kitu kilichoota kwenye alama ya mguu wa kiboko, na sisi tuliona swaumu haifai kujaribiwa kwa hilo. Tukageuka wote wawili kumtazama Deo, ambaye ni Mkatoliki.

“Ncha tu, kisha tema,” Mzee akamwambia.

Deo akatafuna, akameza.

“Nimesema tema!”

“Imeshapita, Mzee.”

“Haya, ladha yake?”

Deo akafumba macho. “Chumvi.”

“Kiasi gani?”

“Kama machozi.”

Nikaandika machozi. Mzee akauliza, “Machozi ya namna gani?” maana yeye alipenda usahihi.

“Ya mutu aliyekula ndimu.”

Tukampa ya bwawani. Akaonja, akakunja uso, akaomba nyingine ya kuhakikisha, akapewa, akameza zote. “Hii nayo ni chumvi. Lakini machozi ya mutu mwingine.”

“Mtu gani?”

“Simujui, Mzee. Simujui huyo mutu.”

Mama Riziki alicheka mpaka akashika mti. Ndiyo mara ya kwanza tulimwona akicheka.

Tulipokuwa njiani kurudi mjini, Deo akaacha kuongea ghafla. Akasimamisha gari, akaruka, akaingia kwenye migomba ya watu. Akarudi, akaomba radhi, akaendesha kidogo, akasimama tena. Gari letu lilisimama penye kila migomba mpaka tukaingia mjini, na futari nilikula kwa kuchelewa. Mara ya mwisho aliporudi, jasho likimtoka, Mzee Hassan alikuwa amekunjua uso wote.

“Deo! Jana ulikula sufuria nzima ya Shefu, hukupata kitu. Leo umekula majani ya bwawani, na tazama!”

“Mzee, mi naangalia vizuri,” akasema Deo, akarudi migombani.

Kwa hiyo hatukuwa na mmea mmoja. Tulikuwa na miwili, na yote miwili ilivumilia chumvi. Wenzangu, msije mkaiga njia ile. Nimeiandika hapa kama onyo, ingawa Deo mwenyewe kwa miaka mingi aliisimulia kama ushindi.

Asubuhi iliyofuata tukarudi, jua likiwa limeanza kuwaka. Ukingo wa juu ulikuwa umechanua maua ya manjano, madogo, yamekaa kwenye ncha za matawi katikati ya majani yaliyokusanyika. Huo ni mboga njema inayoliwa nchi nyingi. Bwawani hapakuwa na manjano hata moja. Nilipiga magoti kwenye maji, nikashika lenzi, nikafuata jani mpaka linapoungana na shina. Hapo palikuwa na kifuko chembamba, na ndani ya kifuko ua dogo la rangi ya waridi limejificha kama mtu anayemkimbia mdai. Majani yalikuwa mawilimawili, moja kubwa na jingine dogo, kama ndugu ambao mmoja tu ndiye aliyekula. Huo ndio unaoharisha, hasa majani yake yakikomaa.

Nikamwita Mama Riziki, nikampa lenzi. Alitazama kile kifuko muda mrefu. Kisha akakaa chini, palepale kwenye tope, na kitenge chake.

“Kwa hiyo ni mi,” akasema. “Ni mi nimeharisha watu. Mutoto wa jirani yangu alilala kama kitambaa. Mi nikamupelekea supu. Supu ya nini? Ya hii hii.”

Mzee Hassan ndiye aliyesogea, akamfunika kwa mwavuli wake.

“Mama, mimi nimesoma mimea maisha yangu yote, na jana nimeitia yote miwili kwenye mfuko mmoja. Mtoto yukoje sasa?”

“Anacheza.”

“Alhamdulillahi. Basi simama, Jumapili tukaseme.”

“Wataniskia?”

“Watatusikia,” akasema Mzee.

Hawakutusikia. Jumapili kisoko kilijaa, Shefu Fideli akapanda kwenye kreti la soda, akatangaza kwamba Daktari Hassan amekuja kutoka mjini kueleza. Mzee akapanda, akainua mmea wa kwanza, akautaja jina lake kamili la Kilatini. Akainua wa pili, akataja na jina la huo, refu zaidi. Watu wakaanza kugeukiana. Mwanamke mmoja akauliza mwenzake kama ile ni sala. Mzee akaeleza vifuko, akaeleza jozi za majani, na nyuma wakaanza kuondoka. Shefu Fideli akapiga makofi: “Munaona? Haieleweki. Mboga yote marufuku, tumemaliza!” Vijana wawili wakasogea kwenye meza ya Mama Riziki, naye akaikumbatia kwa mikono yote miwili.

“Subirini!” nikapiga kelele. “Mnahitaji jina tu! Nani anajua jina la hii ya manjano kwa Kiswahili?”

Bibi mmoja mwenye ushungi, aliyeolewa huku kutoka pwani ya mbali ya Tanzania, akauchukua mmea, akaugeuza.

“Mbona hii sisi kwetu tunaijua,” akasema. “Si tako la Hasani hili?”

Naapa sikuwahi kulisikia. Mtu mmoja mbele akarudia polepole: “Tako la nani?” Kisha macho yote yakapanda kwenye kreti la soda, yakamkuta Daktari Hassan na suti yake.

Kicheko kilianzia kwa wauza ndagala kikafika barabarani. Wabebaji mizigo waliacha mizigo. Deo alilala juu ya boneti la gari. Niliutazama uso wa Mzee wangu, mtu ambaye hata mkewe alimwita Daktari mbele za watu, na nikaona kwenye shavu lake kitu kinatikisika. Kumbe alilijua jina lile tangu madrasa. Alishapigana na watoto wa Buyenzi nzima kwa ajili yake.

Akatazama meza ya Mama Riziki, na wale vijana walioishika. Akafunga mwavuli, akauinua kama kipaza sauti.

“Ndiyo!” akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo. “Hii ya maua ya manjano, laini, nono, ni tako la Hassan! Lipikeni, lina afya! Na hii ya waridi, inayojificha mfukoni, hii ya bwawani,” akaitupa chini, “si langu!”

“Rudia, Daktari!” wakapiga kelele.

“Langu ni la manjano!”

“Na la waridi?”

“Si langu!”

Hakuna aliyehitaji lenzi tena. Wanawake wakaichambua meza yote ya Mama Riziki papo hapo, wakipokezana mashina na kuulizana, “Hili la Daktari?” “Apana, hili si lake.” Vijana waliokuja kuvunja meza wakapewa kazi ya kutupa ya waridi. Mama Riziki alikuwa anachambua huku analia na kucheka, na fungu la kwanza safi alimpelekea jirani yake, yule mwenye mtoto, akamwekea mikononi. Jirani akalipokea. Mimi hapo ndipo niliposhusha pumzi.

Matumbo yakatulia. Mzee Hassan hakuweza kupita Gatumba tena bila kusalimiwa kwa namna yake, naye alikuwa anapunga mwavuli.

Baada ya Idi, Shefu Fideli akaja ofisini tena, safari hii bila sufuria. Alivimba kwa hasira.

“Daktari, mumeniharibia jina. Ile mubaya, ile ya waridi, haikuwa na jina. Sasa wanawake wameipa.”

“Jina gani?” Mzee akauliza.

Shefu akatazama dari. “Wanasema, ya manjano ni yako. Halafu ya waridi…” Akashindwa kumaliza. Deo, ambaye hakuna aliyemwuliza, akamalizia kutoka mlangoni: “Tako la Fideli.”

“Ni huyu Mama Riziki!” Shefu akapiga meza. “Ninyi ni watu wa serikali, ninyi ni sayansi. Muliondoe!”

Mzee Hassan alivua miwani, akaifuta taratibu. Akavuta karatasi ya ule mmea wa waridi uliokaushwa kutoka Gatumba, ambayo wino wake ulikuwa bado mbichi, akatafuta nafasi ya jina la kienyeji.

“Shefu, majina ya watu sisi hatuyatungi wala hatuyafuti,” akasema, akichovya kalamu. “Tunayaandika tu. Fideli yako inaishia kwa ‘i’ au kwa ‘e’?”